Wageni Wanaotafuta Bure Huko Nyantende

Habari ilitoka kwenye redio ya Maman Virginie, asubuhi, chai ya kwanza ikiwa bado inafuka. Mtangazaji alisema kwamba huko Nyantende wakaaji wamewashika wageni wawili, Mzungu mmoja wa kike na kijana mmoja mwenye lafudhi ya Kinshasa, wakigeuza mawe kando ya shamba la watu huku wanaangalia simu. Walipoulizwa wanatafuta nini, walijibu kwamba wanacheza. Chifu aliwasikiliza, akaona hakuna sheria inayomkataza mtu mzima kucheza, akawaachilia. Kisha mtangazaji akapita kwenye matangazo ya misa kama vile hakusema kitu.

Sisi watu wa ubao tulikuwa tumesikia.

Ubao wetu wa kukalia uko Bagira, pale mabasi yanapogeuza kurudi mjini, mbele ya ligablo ya Maman Virginie. Ni kibanda cha mbao ambamo anauza sabuni, sukari na mishumaa kwa watu wa maana, na chai na mikate ya kukaanga kwa sisi. Mimi wananiita Shahidi, kwa sababu nasema kidogo na nakumbuka. Kulia kwangu hukaa Lucien, ambaye Bagira nzima inamjua kama Procureur, yaani mwendesha mashtaka. Alifanya kazi mahakamani hadi akazeeka. Kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni na kuita majina, lakini kwa kusimama pale alisikia kesi nyingi kuliko majaji, na siku hizi anaamini kwamba alizihukumu yeye mwenyewe. Kushoto hukaa Marcellin, anayeitwa Kahuzi, kama ule mlima mkubwa, kwa sababu hakuna mlima utakaoutaja ambao hajaupanda. Ana fimbo ya mti mwekundu anayoitembeza kila siku kutoka nyumbani hadi kwenye ubao, na kutoka kwenye ubao hadi nyumbani. Mke wake ni mtu mkweli sana, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumuuliza kuhusu milima hiyo.

Procureur ndiye aliyeanza. Aliweka kikombe chini, akatuomba tusiwe watoto. Mtu anaacha nchi yake, anapanda ndege, anapanda pikipiki, anapanda kilima, anageuza jiwe, halafu anasema anacheza.

"Mutu mukubwa, na kichwa yake muzuri, atageuza mawe ya batu bule?" akauliza. "Ile mu dossier tunaiita prospection. Banatafuta dhahabu."

Kahuzi akasema si dhahabu. Kilima kile anakijua, kinaitwa Nyamubanda, amelala huko, hakina kitu isipokuwa magugu na baridi. Maman Virginie akataka kujua kwa nini mtu mwenye nyumba Bagira alikwenda kulala kilimani Nyantende. Kahuzi akajibu kwamba kuna maswali ambayo mtu wa milima hajibu mbele ya watu wa bonde. Basi likaja, likageuka, likaondoka, na wao walikuwa bado wako hapo: mmoja na dhahabu, mwingine na baridi, na Maman Virginie kati yao akipendekeza kwamba labda wale wageni walipoteza ufunguo.

Ndipo akapita Elodie. Elodie ni mtoto wa dada yake Kahuzi. Anafundisha mambo ya wanyama chuoni mjini, na siku asizofundisha anatembea milimani na darubini shingoni kuangalia ndege, jambo ambalo mtaani wanamsamehe kwa sababu anasalimia vizuri. Alipoelezwa kesi, akacheka, akakaa.

Alisema mchezo huo upo kweli. Mtu anaficha kisanduku mahali pazuri, anaweka alama ya mahali hapo kwenye simu, na watu wengine, wasiomjua, wanakwenda kukitafuta. Ndani ya kisanduku mna karatasi ya kuandika jina, na vitu vidogo visivyo na thamani. Ukitaka unachukua kimoja, unaacha kingine, unarudisha kila kitu mahali pake, unakwenda zako.

"Na mwenye kupata anapata nini?" Procureur akauliza.

"Anapata tu kwamba amepata, Tonton."

Elodie hutuita sisi wazee wote Tonton, yaani mjomba. Nilimwona Procureur akitafuta pa kuishika sentensi ile, asipapate. Mwishowe alisema kwamba amesikia uongo wa kila aina pale mlangoni, uongo wa ng'ombe, uongo wa ndoa, uongo wa mipaka, lakini kila uongo ulikuwa na faida yake mahali fulani. Huu ndio wa kwanza ambao hata mwenye kuusema hapati chochote.

Elodie akafungua simu, akatuonyesha. Ilikuwa kweli. Alama ilikuwa pale pale, juu ya Nyantende, mgongoni mwa Nyamubanda. Daktari mmoja mgeni, ambaye amekwisha kurudi kwao, ndiye aliyeweka kisanduku, na picha yake ilikuwapo: cha plastiki, kijani, chenye vishikizo pande zote za kifuniko. Chini ya picha, kila aliyekwenda kutafuta aliacha neno. Wa zamani waliandika kwamba wamepata na mahali ni pazuri. Wa karibuni, mmoja baada ya mwingine, waliandika kwamba hawakupata.

Kahuzi alisoma, akagonga fimbo chini. Hawakupata kwa sababu hawaujui mlima, alisema. Yeye angekiona akiwa amefunga jicho moja. Alilisema hilo mbele ya watu wanne na dereva wa basi, na Maman Virginie, bila huruma, akauliza kama Jumamosi ana kazi.

Hivyo ndivyo tulivyokwenda. Kahuzi alikwenda kwa sababu ya jina lake. Procureur alikwenda kufanya uchunguzi, akavaa koti lake la mahakama. Elodie alikwenda kwa ajili ya ndege. Mimi nilikwenda kwa sababu wote watatu walitaka shahidi. Tulichukua basi hadi mjini, kisha pikipiki hadi Nyantende, na pale barabara inapokuwa ya udongo tukaanza kupanda kwa miguu.

Kahuzi alitangulia. Alikuwa amevaa viatu vya misa, vyeusi, vyenye ncha, na kila tulipopita kwenye matope alivitazama kwa uchungu kama mtu anayewaaga watoto. Kwenye njia panda ya kwanza alituambia tupumzike, akarudi nyuma kidogo kwa haja yake, na kutoka pale nilipokaa nilimsikia akimuuliza kwa Kimashi mama mmoja aliyebeba kikapu, Nyamubanda ni upande gani. Aliporudi alionyesha kwa fimbo bila kusita.

Elodie ndiye aliyeifanya njia kuwa fupi. Kila baada ya muda alisimama, akainua mkono, nasi tukasimama nyuma yake kama watu walioitwa na polisi. Kulikuwa na ndege wadogo wanaong'aa kama shanga, wakiingiza midomo yao mirefu katika maua mekundu. Chini bondeni, kwenye majimaji, korongo wawili wenye taji walikuwa wanatembea polepole kama wazazi wa bibi harusi. Kwenye mti wa kalitusi palikuwa na tai mweusi mwenye kishungi kirefu kichwani, na Elodie akampa Procureur darubini.

Hilo lilikuwa kosa. Procureur aliishika darubini na hakuirudisha. Tai alishuka, akapiga majani, akapanda tena na panya mguuni, na tulimsikia Procureur akitoa maelezo kwa sauti ya chini: amekamatwa, amehukumiwa, ameliwa, na hakuna avoka wa kumtetea. Alisema katika maisha yake yote hajaona haki inakwenda haraka namna ile. Tangu hapo kila ndege alitaka kumwona yeye kwanza. Elodie akabaki kutazama kwa macho, na kutabasamu.

Karibu na kilele Kahuzi aliegemeza fimbo yake kwenye kichaka ili afunge kamba ya kiatu. Alipoichukua tena na kuipiga chini kwa nguvu ya kiongozi, alikuta haiko peke yake. Kinyonga wa kijani, mkubwa kama kiganja, mwenye pembe tatu usoni, alikuwa anaipanda fimbo kuelekea kwenye mkono wake, mguu mmoja, kisimamo, mguu mwingine.

Watu wa kwetu wanaweza kukaa na mengi, lakini si na kinyonga. Procureur alirudi nyuma hadi pale njia inapokata kona, akasema kutoka huko kwamba analinda upande wa chini. Mimi pia sikusogea karibu. Elodie peke yake ndiye aliyefurahi. Alisema ni dume, na kwamba aina hii inaishi kwenye milima ya huku kwetu tu, Tonton Kahuzi asitikisike, ili yeye ampige picha.

Kahuzi hakutikisika. Angetupa fimbo, lakini fimbo ile ilikuwa ndiyo jina lake, na sisi tulikuwa tunaangalia. Jasho lilimtoka chini ya kofia. Kinyonga alimzungushia jicho moja, jicho la pili akaliacha kwetu.

"Elodie, mutoto ya dada yangu," akasema taratibu, kama mtu anayezungumza kanisani. "Ondoa hii kitu. Nakuomba."

Elodie akamchukua kinyonga kwa mkono mtupu, akamweka kwenye tawi, akamtakia siku njema. Tuliendelea kupanda. Kwa muda mrefu Kahuzi hakutaja mlima wowote.

Alama ya simu ilituongoza hadi kwenye ubavu wa kilima, na pale tulisimama wenyewe. Mbele yetu kulikuwa na shamba la maharagi, dogo, lililozungushiwa matawi ya miiba. Sehemu ya juu ya shamba ilikuwa imechimbwa: mashimo, marundo ya udongo, mashina ya maharagi yamelala yamekauka. Kwenye kona palikuwa na kipande cha ubao kilichoandikwa kwa mkaa: HAPA HAKUNA KITU.

Procureur alikisoma kibao hicho kwa furaha ya mtu aliyengoja maisha yake yote. Alisema mahali pasipo na kitu hapahitaji maandishi.

"Musimame paka pale," sauti ikasema, yaani tusisogee hata hatua moja.

Alikuwa mama wa makamo, mwembamba, jembe begani. Alitokea nyuma ya nyumba yake ya udongo na akaja hadi kwenye miiba bila haraka, na jinsi alivyolishika jembe ilitufanya sote tusimame vizuri. Jina lake, tulijua baadaye, ni Cibalonza. Alitazama viatu vya Kahuzi, koti la Procureur, darubini, simu.

"Na nyinyi munatafuta nini?"

Elodie akajaribu. Alieleza kisanduku, alama, watu wanaotafuta na wanaorudisha. Alieleza vizuri, kama darasani, na kadiri alivyoeleza vizuri ndivyo mambo yalivyozidi kuwa ya aibu. Mama Cibalonza alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwamba wote wanasema hivyo hivyo, hata wale wa wiki iliyopita waliopelekwa kwa chifu, na kwamba sasa atatuambia jambo ambalo simu haituonyeshi.

Alisema wageni wanakuja na viatu vyao vikubwa, wanazunguka, wanakanyaga, wanapiga magoti, wanaondoka mikono mitupu. Wao si wabaya. Wengine wanamsalimia. Lakini wakishaondoka, alfajiri wanakuja vijana wa kijiji na majembe kuchimba pale pale wageni walipopigia magoti. Anayewaleta ni Pascal, ndugu ya marehemu mume wake. Shamba la Pascal liko jirani, ng'ambo ya njia, na amelitelekeza likawa migomba na magugu. Tangu wageni waanze kuja, anasema hili la mjane lilikuwa la baba yao, mpaka haukuwekwa vizuri, na mjane asiye na mtoto wa kiume arudi kwao. Amekwisha kulisema kwa chifu mara ya kwanza. Mara ya pili ikisemwa, chifu ataita wazee waamue mpaka.

"Zamani nilikuwa navuna maharagi," akasema. "Sasa navuna mashimo. Na niko peke yangu."

Hapo hata Procureur aliacha kutafuta dhahabu kwa macho. Alimuuliza kama ana karatasi yoyote ya shamba. Hana. Nani aliona mpaka ukiwekwa? Waliouona wamekufa, isipokuwa Pascal. Procureur alivuta pumzi. Nilimjua vya kutosha kuona kwamba kesi ile alikwisha kuisikia mara nyingi pale mlangoni, na alikwisha kuona nani anatoka akilia.

Elodie alisema kitu kimoja kinaweza kusaidia: kama tukikipata kisanduku na kukiondoa, yeye ataandika kwenye simu kwamba hapa hakuna tena mchezo, na wageni hawatakuja. Akampa Mama Cibalonza simu aione picha, labda aliwahi kukiona.

Mama Cibalonza aliiangalia picha muda mrefu. Aliisogeza karibu, akaisogeza mbali. Kisha akarudisha simu, akaingia jikoni kwake, na akatoka na kisanduku cha plastiki cha kijani, chenye vishikizo pande zote.

"Hii?"

Alikifungua. Kilikuwa kimejaa chumvi hadi juu.

Alieleza kwa heshima yote, bila kuona haya. Alikikuta wakati wa kulima, chini ya jiwe, katika shamba lake mwenyewe. Ndani mlikuwa na karatasi iliyolowa, chura wa plastiki, vifungo, vitu vya kuchezea. Vitu hivyo aliwapa watoto wa jirani. Kisanduku alikiosha. Kila msimu wa mvua chumvi yake ilikuwa inageuka maji, hata akiifunga ndani ya sashe ya plastiki na kuitundika juu ya moto, lakini katika kisanduku hiki imekaa kavu mvua nzima. Hajawahi kuwa na chombo kizuri hivyo. Wala hakuwahi kufikiri kwamba watu wanaotoka mbali namna ile, wenye afya, wamevaa vizuri, wanatafuta kopo lake la chumvi.

Elodie alicheka hadi akakaa chini kwenye majani. Mama Cibalonza alimwangalia, na midomo yake mwenyewe ikaanza kutetemeka, hadi akaweka jembe chini akacheka naye, mkono kiunoni, machozi yakimtoka. Kahuzi akasema tangu mwanzo alijua kwamba hakiko chini ya jiwe. Procureur alisogea, akachovya kidole kwenye chumvi, akaonja, akafikiri, akaonja tena.

Kuhusu kisanduku hakukuwa na mazungumzo: Mama Cibalonza hakitoi. Elodie alisema ni haki yake, yeye ataandika tu kwamba kimepotea, mchezo ufungwe. Lakini Mama Cibalonza alikuwa anafikiria kitu kingine. Aliuliza ni nani anayeamua kisanduku kikae wapi. Elodie akajibu: mtu yeyote anayekubali kukitunza.

"Hata mimi?"

"Hata wewe, Maman."

Akaingia tena ndani, akatoka na kopo la maziwa ya unga, tupu, lenye kifuniko. Akanyoosha mkono ng'ambo ya njia, kwenye migomba ya Pascal. Pale, alisema. Kuna jiwe kubwa katikati, Pascal hukaa juu yake akivuta sigara na kumwangalia akilima. Chini ya jiwe lile.

Elodie alikataa. Alisema mchezo una sheria, kwenye shamba la mtu huweki kitu bila kumwomba ruhusa.

"Kwangu, aliniomba nani?" Mama Cibalonza akauliza.

Elodie aliyaangalia mashimo. Waliongea wawili, sisi tukingoja kando, na mwishowe wakakubaliana. Njia inayopita kati ya mashamba mawili ni ya watu wote, inapanda hadi kileleni, na mbele kidogo, pale inapokwisha kuyapita maharagi ya mama na kuanza kuambaa migomba ya Pascal, kuna mti wa maua mekundu. Ndege wa shanga walikuwa wamejaa hapo. Elodie alisema kama mtu anatafuta mahali pazuri, hapo ndipo. Mama Cibalonza alisema kama mtu anatafuta mahali pa kumtoa yeye kwenye miguu ya watu, hapo pia ndipo.

Tuliweka kopo kati ya mizizi, upande wa njia. Elodie aliihamishia alama ya simu pale, akatia unyoya wa korongo aliouokota. Procureur alikata kifungo cha mwisho cha koti lake, kile ambacho hakifungi kitu. Kahuzi alitafuta mifukoni, akapata rozari na sigara moja, akatoa sigara. Mimi nilitia kipande cha penseli. Mama Cibalonza aliweka mbegu chache za maharagi, akafunga kifuniko, akakipiga juu na kiganja kama anayemlaza mtoto. Kisha alitupatia viazi vya kuchoma. Tulikula tumekaa kwenye ukingo wa shimo, miguu ndani, tukiangalia ziwa kwa mbali, na Procureur hakuacha darubini hata wakati wa kutafuna.

Baada ya hapo tulipata habari kwa vipande. Mtu wa kwanza akaandika kwenye simu kwamba amepata. Wa pili akaandika kwamba ameona ndege wengi na mzee mmoja kwenye migomba aliyemfuata hadi barabarani. Mvua zilianza. Mama Cibalonza alimtumia Elodie salamu kupitia mwenye pikipiki: hakuna tena anayechimba kwake, amefukia mashimo, amepanda. Tulifurahi. Ila Procureur alituonya kwamba mashimo kufukiwa si hukumu, na kwamba mara ya pili kwa chifu bado inakuja.

Ilikuwa siku ya mawingu, sote tuko kwenye ubao, Elodie pia, alipofika mtu tusiyemjua. Alikuwa na shati safi na udongo kwenye kucha. Aliomba chai, akakaa mwishoni, akasema jina lake ni Pascal, anatoka Nyantende, na wenye pikipiki ndio waliomwelekeza kwetu. Alizungumza kwa adabu. Alisema anajua kwamba tulifika kule, na tangu siku ile wageni hawaendi tena kwa shemeji yake. Wanasimama kando ya migomba yake. Wanainama. Na zamani walikuwa wanaondoka na nyuso za huzuni, lakini sasa wanaondoka wanacheka.

"Mutu anatoka ku mulima anacheka vile, amepata kitu," akasema. "Nakuja kuuliza tu. Ni kitu gani?"

Elodie aliweka kikombe chini. Nilidhani atatafuta njia ya kukwepa, lakini yeye si mtu wa hivyo. Alimwambia ukweli wote. Alifungua simu akamwonyesha alama. Alimwambia ni mchezo, kwamba ni sisi tuliokaa hapa tulioweka kopo la maziwa chini ya mti, na ndani mna unyoya, kifungo, sigara, kipande cha penseli na mbegu za maharagi. Akamwambia pia kwa nini tuliliweka pale, na kwamba katika shamba la shemeji yake hakujawahi kuwa na chochote isipokuwa kisanduku cha mchezo huo huo.

Pascal alisikiliza kwa makini. Kisha alitabasamu polepole, akatutazama mmoja mmoja, akaitikia kwa kichwa.

"Sawa," akasema. "Munaogopa kusema mbele ya batu. Naelewa."

Akasogea karibu, akashusha sauti. Alisema sisi tusiwe na wasiwasi, mambo yake ameyapanga. Alipoona tu kwamba mshipa wa dhahabu umehamia upande wake, alikwenda kwa chifu mara ya pili. Hakungoja shemeji yake apate habari na kuanza kudai. Alisema mbele ya chifu na wazee kwamba njia ndiyo mpaka tangu wakati wa baba yao: upande wa maharagi ni wa mjane, milele, na upande wa migomba ni wake, milele. Wazee walishuhudia. Mawe ya mpaka yakapandwa siku ile ile. Pascal akaongeza kwamba mjane alilia kwa furaha, kwa sababu hakujua amepoteza nini.

Elodie aliinama kama anayetafuta kitu ndani ya mfuko wake, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Maman Virginie alisimama na birika mkononi, akamjazia Pascal kikombe bila kuombwa, jambo ambalo sisi hatujawahi kufanyiwa.

Procureur alimsogelea Pascal. Alikuwa amekunja uso.

"Mushipa," akauliza, "unaweza kuhama?"

Pascal akasema unahama, mvua ikipiga sana. Ameona kwa macho yake. Ila peke yake hawezi, anahitaji mtu mzima, mwenye siri, anayejua sheria. Procureur alifunga koti, akakumbuka kwamba kifungo cha chini hakipo, akasimama hivyo hivyo.

Maman Virginie akamuuliza kama amepatwa na wazimu. Si yeye mwenyewe alikuwa kule? Aliona kisanduku kwa macho yake. Aliona chumvi.

"Chumvi niliona," Procureur akajibu. "Chini ya chumvi, ni nani aliangalia?"

Wakaondoka wawili, wakiongea kwa sauti ya chini, hadi basi likawachukua. Elodie alikuwa na darasa, naye akaenda, bado anajifuta macho. Kahuzi alibaki na fimbo yake kati ya magoti, akisema mshipa hauhami, yeye anaijua Nyamubanda, ni mlima uliotulia. Alisema hivyo mara kadhaa. Basi lingine lilipogeuka alisimama, akatuambia wale wawili watapotea kwenye njia panda, anakwenda tu kuwaonyesha upande, atarudi kabla ya mchana.

Maman Virginie alimwangalia hadi basi lilipokata kona. Kisha akageuka akaniangalia mimi, akingoja kama nami nitasimama.

Nikamsogezea kikombe changu anijazie.